Salvia ya Kivulini Ikigoma: Dalili, Chanzo na la Kufanya

Salvia nyekundu, ile ya maua marefu kama mirija inayouzwa kwenye vitalu vya kando ya barabara kuanzia Limuru hadi Lushoto, asili yake ni Brazili, sehemu za milimani zenye unyevu na joto la wastani mwaka mzima. Ulaya huipanda msimu mmoja tu, baridi ikija inakufa, ndiyo maana pakiti nyingi za mbegu huiita ua la msimu. Kwetu haina sababu ya kufa. Ikipata mahali pake hukaa miaka, aina ndefu hupita mita moja, na ndege chozi huja kuifyonza kila asubuhi.

Inastahimili kivuli, na hapo ndipo wengi wanapoponzwa. Wanaipanda popote palipo na kivuli, kisha ikidhoofika wanakimbilia dukani kununua dawa. Kivuli chenyewe hakiiui. Kinachoiua mara nyingi ni maji: nyuma ya nyumba udongo wa kivulini hukaa umelowa siku nyingi, na chini ya mti mkubwa udongo hukauka hata katikati ya masika. Kwa hiyo kabla ya mbolea na kabla ya dawa, chomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Utaniona nikilirudia hilo mara kadhaa, maana ndilo linalookoa mimea mingi kuliko chupa yoyote.

Hakikisha pia mmea wako ni wa kivulini kweli. Salvia ya jikoni, yenye majani ya kijivu na harufu kali, inataka jua kutwa. Kivulini itaoza, na hakuna tiba zaidi ya kuihamisha. Ile ya Meksiko yenye mikia ya zambarau iliyo laini kama mahameli nayo ni ya juani. Nyekundu ya majani mapana ya kijani, na ile ya maua ya buluu iliyokolea itokayo Amerika ya Kusini, hizo zinakubali nusu kivuli. Nyekundu hii ni ya mapambo, usiitie kwenye chai wala mchuzi.

Majani mengi, maua hakuna. Shina limerefuka na kulala

Chanzo cha kwanza ni kivuli kuzidi. Kustahimili kivuli ni kuishi na jua la saa 3 au 4 kwa siku, hasa la asubuhi, au mwanga unaochuja kwenye majani ya mti. Giza la nyuma ya tangi la maji ni jambo jingine. Pima hivi: saa 6 mchana, siku isiyo na mawingu, weka karatasi nyeupe juu ya udongo na unyooshe mkono futi moja juu yake. Kivuli cha vidole kikionekana kwa kingo kali, hapo ni juani. Kikionekana lakini kingo zimefifia, hapo ni nusu kivuli na salvia itachanua. Kisipoonekana kabisa, itakupa majani tu.

Kama ni mti unaoziba, punguza matawi madogo ya chini unayoyafikia ukiwa umesimama ardhini. Tawi nene, tawi la juu, au tawi lolote lililo karibu na nyaya za umeme, liache. Waite watu wa shirika la umeme au mkata miti mwenye vifaa na uzoefu, na uulize kwanza ofisi ya eneo lako kama kibali kinahitajika. Watu hufa kwa tawi la mparachichi.

Chanzo cha pili ni mbolea ya kukuzia. Ukiwa umeweka urea, CAN au samadi mbichi ya kuku, mmea utajenga majani na kusahau maua. Acha kuweka chochote kwa miezi 2 hivi, kisha tumia mboji iliyoiva, viganja viwili kwa kila shina.

Cha tatu ni kutoondoa maua yaliyokauka. Kikonyo kikishaanza kutengeneza mbegu, mmea huona kazi yake imekwisha. Kata kikonyo chote hadi juu ya jozi ya kwanza ya majani yenye afya. Usichume petali peke yake, haisaidii.

Kipo na chanzo ambacho wengi hawakifikirii: taa ya ulinzi. Baadhi ya aina ndefu za zamani huchanua kwa kuhesabu urefu wa usiku, na taa kali inayowaka hadi alfajiri huzifupishia usiku huo. Ukiona mashina yaliyo mbali na taa yana maua na yaliyo chini yake hayana, jibu unalo.

Shina likiwa la miaka 2 au 3 na limekuwa gumu kama kuni huku chini pakiwa patupu, halina ugonjwa. Limezeeka. Mvua za kwanza zikianza, pogoa theluthi moja hadi nusu, ukihakikisha kila shina linabaki na majani mabichi. Ukikata hadi kwenye mti mkavu usio na jani hata moja, huenda lisichipue tena.

Mmea unanyauka

Hapa ndipo nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu huua mmea wakidhani wanauokoa. Wanaona majani yamelegea, wanamwaga ndoo ya maji. Kesho yamelegea zaidi, wanaongeza ndoo mbili.

Utazame saa 8 mchana, kisha utazame tena jioni jua likizama. Ukilegea mchana na kusimama jioni, mizizi ni mizima, ni joto tu. Ongeza matandazo ya majani makavu unene wa vidole vinne, yasiguse shina. Ukiwa umelegea hata alfajiri, chomeka kidole.

*Udongo umekauka.* Chini ya mwembe, mparachichi, mgrivilia au mkaratusi, mizizi ya mti imetandaa juu juu na inakunywa maji kabla ya salvia. Matawi nayo huzuia mvua isifike chini. Chimba kidogo kwa koleo la mkono. Ukikutana na wavu wa mizizi myembamba ya mti, ndiye mshindani wako. Mwagilia mara 2 kwa wiki, maji mengi yaende chini, badala ya kunyunyiza kidogo kila jioni. Kama haitoshi, ipande kwenye chungu kikubwa kilichotobolewa chini na ukiweke palepale. Usithubutu kukata mizizi minene ya mti ili kumpa nafasi ua: mti uliokatwa mizizi upande mmoja unaweza kuanguka upepo ukija, na utaangukia nyumba. Mkaratusi kwa kweli ni bora kuuachia eneo lake.

*Udongo umelowa na mmea bado umelegea.* Mizizi inaoza. Ng'oa shina moja lililo baya zaidi uitazame: mizizi mizima ni myeupe na migumu, iliyooza ni ya kahawia, ukiivuta kwa kucha ngozi ya nje inavuka na kubaki uzi katikati. Udongo unanuka kama tope la bwawa. Shina hilo halirudi, litupe nje ya bustani, usilitie kwenye mboji. Kwa yaliyobaki, acha kumwagilia hadi udongo ukauke juu, ondoa matandazo kwa muda, na fungua mfereji mdogo wa kutoa maji.

Kabla ya kupanda tena, jaribu udongo. Chimba shimo la futi moja, jaza maji, yaache yaishe, kisha jaza tena. Ya mara ya pili yakiwa bado yamesimama baada ya muda wa saa 4, hapo hapafai bila kuinua tuta. Udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi na kunata masika ndio mbaya kuliko yote. Inua tuta sentimita 20 hadi 30 kwa mchanganyiko wa udongo wa juu, mboji na mchanga wa mto. Mchanga peke yake ukiutupa ndani ya mfinyanzi hausaidii.

Kama sehemu imelowa katikati ya kiangazi na wewe hujamwagilia, simama hapo. Ama bomba linavuja ardhini, ama shimo la maji taka limejaa. Kukiwa na harufu, usiendelee kuchimba kwa mikono mitupu, waweke watoto mbali na uite fundi bomba.

*Udongo una unyevu wa kutosha, mizizi si ya kahawia.* Tazama kama ina vinundu kama punje za mtama. Hao ni minyoo fundo, wasioonekana kwa macho, na huwa wengi pale palipolimwa nyanya au bamia mfululizo. Hakuna dawa ya nyumbani ya kuwamaliza. Ongeza mboji kwa wingi, hamisha salvia kwenda kwingine kwa kutumia vipandikizi vya juu (si mizizi yake), na usichukue udongo wa hapo kupeleka kitalu kingine.

Kwenye nyanda za juu, Kiambu kwa mfano, ukivuta mmea ukaja mkononi bila mizizi kabisa, huo si ugonjwa, ni fuko, yule mnyama anayechimba chini ya ardhi. Na miche michanga iliyolala asubuhi, imekatwa usawa wa udongo kama kwa wembe, ni kazi ya sota, kiwavi wa udongoni. Fukua kidogo pembeni ya mche uliokatwa, utamkuta amejikunja palepale.

Majani yamekuwa ya njano

Uliza kwanza: njano imeanza chini au juu?

Ikianza kwenye majani ya chini, ya zamani, sababu ya kwanza ni maji kuzidi (rudi juu), ya pili ni upungufu wa naitrojeni. Udongo wa kichanga hupoteza chakula haraka mvua zikipiga mfululizo. Mboji kwanza, kama una haraka, CAN kijiko kimoja cha chai kwa shina, kiwe mbali na shina upana wa kiganja, kisha mwagilia. Jani moja moja la chini linalogeuka njano na kudondoka ni uzee, liache.

Ikianza kwenye majani machanga ya juu, na mishipa ikabaki kijani huku nyama ya jani ikiwa ya njano, mmea unakosa madini ya chuma. Mara nyingi madini yamo udongoni lakini chokaa imeyafunga. Hii huonekana sana kwenye tuta lililo kando ya ukuta mpya: fukua utakuta mabonge ya saruji, lipu na vipande vya tofali ambavyo mafundi walizika walipomaliza kazi. Vitoe vyote, badilisha udongo kina cha futi moja. Unguja, Mombasa na kwingineko pwani, ambako chini ni mwamba wa matumbawe, tatizo ni la ardhi yenyewe; hapo chungu chenye udongo uliochanganywa kitakusumbua kidogo kuliko kupigana na mwamba. Usimwage majivu kwenye mmea wa namna hii. Majivu yanazidisha hali ileile.

Kama umebadilisha udongo na njano bado inarudi, peleka sampuli ipimwe. Kenya, maabara za KALRO, shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, kule Kabete hupima udongo. Tanzania, TARI Mlingano, kituo cha utafiti wa kilimo mkoani Tanga, ndiyo kazi yake. Ni bora kuliko kununua mbolea tatu kwa kubahatisha.

Kingo za majani zimeungua, maua yamepauka

Anayeleta malalamiko haya huongeza: "Na ilikuwa nzuri kabisa mwezi wa saba." Ndiyo, kwa sababu mwezi wa saba jua lilikuwa upande mwingine wa nyumba.

Sisi tulio karibu na ikweta tunasahau kwamba kivuli cha nyumba kinahama. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi, jua la mchana hupita upande wa kusini. Kuanzia Aprili hadi Agosti hupita upande wa kaskazini. Tuta lililo ukuta wa kusini, Nairobi, Arusha au Dar es Salaam, huwa na kivuli kizuri Juni, kisha Januari, wakati mvua hazipo na hewa ni kavu, linapigwa na jua la saa sita. Ukuta wa magharibi ni mbaya mwaka mzima, maana jua la saa 9 alasiri ni kali na ukuta wenyewe unarudisha joto hadi usiku. Ukuta wa mashariki ndio wenyewe: jua la asubuhi, kivuli cha mchana, kila mwezi.

Kwa mmea ambao tayari uko pabaya, weka wavu wa kivuli au makuti kwa miezi hiyo ya jua, na uhamishe mvua zikianza. Majani yaliyoungua hayaponi. Subiri mapya kabla ya kuyaondoa yote.

Kingo zikiungua mahali penye kivuli cha kutosha, shuku chumvi: mbolea ya dukani iliyozidi, au maji ya kisima yenye chumvi. Kwenye chungu utaona ukoko mweupe juu ya udongo na kwenye mdomo wa chungu. Mwagilia maji ya mvua mengi yatoke chini mara kadhaa.

Na kwenye sehemu za baridi kali kama Njombe au Kinangop, majani kuwa meusi na malaini ghafla asubuhi ya baridi ni jalidi, yaani umande ulioganda. Usipogoe siku hiyo. Yaache yafunike shina hadi baridi ipite, kisha kata.

Ukiugusa mmea, wingu la vidudu vyeupe linaruka

Nzi weupe. Wanapenda mahali pasipo na upepo, na kivuli cha kona ya ua ni mahali hasa pa namna hiyo. Geuza jani: utaona wadogo wamekaa wametulia kama magamba, na jani linanata. Baadaye juu ya utando huo huota masizi meusi.

Anza na maji. Piga majani kwa chini kwa mpira wenye nguvu, asubuhi, siku 3 mfululizo. Kisha sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chai kwa lita moja, ukinyunyiza jioni upande wa chini wa majani hadi yachuruzike. Jaribu jani moja kwanza usubiri siku moja, maana sabuni nyingine ni kali mno. Rudia kila baada ya siku 5 hadi 7, mara 3 au 4. Sabuni haigusi mayai, kwa hiyo anayepuliza mara moja na kuacha atawaona tena wiki ijayo. Mafuta ya mwarobaini yanafaa kwa utaratibu huohuo. Usipulize asubuhi wakati nyuki na chozi wako kwenye maua.

Vidukari na vidung'ata (wale weupe kama pamba) hutibiwa hivyohivyo. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, wafuate: wanawachunga vidung'ata kwa ajili ya utamu wao.

Majani yenye vidoa vidogo sana vyeupe, kama yamechomwa kwa sindano, na utando mwembamba wa nyuzi chini yake, ni utitiri. Huyu anakuja kiangazi mahali pakavu, na dawa nyingi za wadudu humwongeza kwa sababu zinaua wanaomla. Maji chini ya majani, kila siku kwa wiki moja, ndiyo kinga.

Matundu kwenye majani

Toka usiku na tochi, saa 3 hivi, baada ya mvua. Ukiona njia ya ute unaong'aa, ni konokono. Waokote kwa glavu au mfuko wa plastiki, nawa mikono kwa sabuni. Konokono wakubwa wa kwetu wanaweza kubeba minyoo inayomdhuru binadamu, kwa hiyo watoto wasichezee. Majivu kuzunguka shina hufanya kazi yakiwa makavu tu, mvua moja imemaliza. Punguza matandazo karibu na shina na uondoe mbao na matofali wanapojificha mchana.

Bila ute, na kukiwa na vinyesi vyeusi kama punje juu ya jani, ni kiwavi. Mtafute chini ya jani umtoe kwa mkono.

Unga mweupe juu, au utando wa kijivu chini ya jani

Tofautisha kabla ya kununua chochote. Unga juu ya jani unaofutika kwa kidole ni ubwiri unga. Juu kuna mabaka ya njano, na ukigeuza unaona manyoya ya kijivu asubuhi yenye umande: huo ni ubwiri vinyoya, na unaenda haraka. Dawa ya mmoja mara nyingi haimgusi mwingine.

Magonjwa yote mawili huanza na hewa iliyokwama. Acha nafasi ya sentimita 40 au zaidi kati ya mashina, mwagilia chini na asubuhi, ondoa majani yaliyoathirika uyachome au uyazike. Kwa ubwiri unga mara nyingi hiyo inatosha. Kwa ubwiri vinyoya, kama nusu ya mmea imeshikwa, ung'oe.

Ukifika mahali pa kufikiria dawa ya viwandani, usimwombe muuzaji "kitu kikali". Peleka jani lililoathirika ndani ya mfuko wa karatasi kwa bwana shamba, bibi shamba au kliniki ya mimea iliyo karibu. Nunua dawa iliyosajiliwa tu, na PCPB kwa Kenya au TPHPA kwa Tanzania (mamlaka zinazosimamia viuatilifu), ikiwa kwenye chombo chake chenye lebo, kamwe si iliyopimwa kwenye chupa ya soda. Aliyeipuliza akipata kizunguzungu, kutapika au kupumua kwa shida, aache papo hapo, avue nguo zilizolowa, aoshwe kwa maji na sabuni, apelekwe hospitali pamoja na lebo ya dawa.

Vipandikizi vinakufa

Vikiwa vyeusi chini, ni maji mengi au udongo mchafu. Tumia mchanga wa mto uliooshwa, hakuna samadi. Vikinyauka siku ya pili, majani ni mengi mno: acha jozi moja au mbili, kata makubwa nusu. Vikikaa kijani wiki 4 bila mizizi, huenda ulikata shina lenye maua. Chagua shina lisilochanua, urefu wa kidole cha kati au kidogo zaidi, kata chini ya kifundo (pale majani yanapotokea), na uweke kivulini penye mwanga. Wiki ya tatu vuta taratibu. Kikikataa kutoka, kimeshika.

Miche ya mbegu inayoanguka kwa pamoja, shingo ikiwa nyembamba na nyeusi usawa wa udongo, imepatwa na kinyausi. Iliyoanguka haiponi. Iliyosimama pembeni yake iokoe leo: toa kifuniko, acha udongo ukauke juu, na miche ikibanana ing'oe mingine hadi hewa ipite kati yake.